Simu, kitabu, mjuzi au sampuli kavu: uutambueje mmea ulioota wenyewe?

Mmea umeota kando ya ukuta. Hukuupanda, na mwaka jana haukuwepo. Unaupiga picha, simu inakupa jina. Unamwonyesha jirani, anakupa jina jingine. Unafungua kitabu cha mimea ya porini, humo haumo. Unafungua cha bustani, unaukuta umo kwenye chungu, umepogolewa ukapogoleka, haufanani hata kidogo na kichaka hiki kinachokutazama.

Wengi hukwama hapo kwa sababu wanauliza maswali mawili kwa pumzi moja. La kwanza: huu ni mmea gani? La pili: umefikaje hapa? Yaani ni mwenyeji wa eneo hili, kuna mtu aliupanda, au ni mtoro wa bustani aliyekwisha kulowea? Mmea uliolowea ni ule ulioletwa kutoka kwingine, kisha ukaanza kuzaana wenyewe kizazi baada ya kizazi pasipo mtu kuupanda wala kuumwagilia. Kuchipua mara moja kutokana na mbegu iliyodondoka hakutoshi. Kubaki hai kwenye mahame, pale bustani ilipokuwa zamani, nako hakutoshi.

Watoro maarufu unawafahamu. Lantana camara ilitoka Amerika ya kitropiki ikiwa ua la mapambo, na leo inasonga misitu na malisho katika nchi nyingi. Gugu maji, asili yake Amerika Kusini, lilisambazwa kwa sababu ya ua lake zuri la zambarau kabla halijaanza kufunika maziwa na mito. Hao hawahitaji kutambulishwa. Wanaotusumbua ni wale ambao bado hawajapata sifa mbaya.

Njia nne ndizo zinazotumika zaidi: programu ya simu, kitabu chenye ufunguo wa utambuzi, mtu anayeijua mimea, na sampuli iliyokaushwa ikapelekwa kwa wataalamu. Nimezitumia zote, na zote zimewahi kunipoteza.

Vigezo vya kulinganisha

Usahihi: jina linafika kwenye spishi (aina yenyewe ya mmea) au linaishia kwenye jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu)? Na likiwa si sahihi, unaweza kurudi nyuma ukaona ulipoteleza? Kwangu mimi hilo la pili lina uzito zaidi.

Mwenyeji au mtoro: njia yenyewe inasaidia lolote kwenye lile swali la pili?

Bila maua: mimea haitusubiri tuje ndiyo ichanue. Mara nyingi utakuta majani matupu.

Muda na vifaa: hili halihitaji maelezo.

Kipo kigezo kingine ambacho hakimo kwenye njia yoyote, kimo kwako: ukikosea, nini kitatokea? Ukiliita ua la njiani jina lisilo lake, hakuna aliyeumia. Lakini ukitaka kuung'oa wote, kuupulizia dawa, kuwalisha mifugo au kuutia mdomoni, hiyo ni habari nyingine kabisa.

Programu ya simu

Zinazotajwa sana ni Pl@ntNet, iliyoanzishwa na taasisi za utafiti za Ufaransa, na iNaturalist, iliyoanza mwaka 2008 kama mradi wa shahada ya uzamili wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Zinafanya kazi kwa namna tofauti kidogo. Pl@ntNet inakuruhusu useme umepiga picha ya nini, jani, ua, tunda au gome, kisha inakupangia majina kwa uwezekano. iNaturalist nayo inapendekeza jina, halafu inawaachia watu waliafiki au walipinge. Ili rekodi ifike daraja la utafiti inahitaji picha, tarehe, mahali, na zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa maoni wakubaliane.

Usahihi. Kwa ua linalojulikana dunia nzima, matokeo yanashangaza. Piga picha nzuri ya Catharanthus roseus, lile ua la waridi au jeupe lenye petali tano na kijicho katikati, na si rahisi programu ikose. Iletee nyasi au ndago, itaanza kubahatisha. Mashine imejifunza kutokana na picha zilizopakiwa na watu, kwa hiyo inaijua zaidi mimea inayopigwa picha sana, kutoka sehemu zenye wapiga picha wengi. Tatizo kubwa kwangu ni kwamba haitoi sababu. Unapewa asilimia, huambiwi imeona nini.

Kuna kajaribio ninakokafanya kila mara: napiga ua kwa mbele, ua kwa ubavu, jani upande wa juu na wa chini, mpangilio wa majani kwenye shina, na mmea mzima, halafu naingiza kila picha peke yake. Jina likibaki lilelile, naanza kuliamini. Likibadilika kila pembe inapobadilika, najua nimepewa bahati nasibu.

Mwenyeji au mtoro. Hapa programu ni dhaifu kuliko watu wanavyodhani. Picha haionyeshi nani aliupanda. iNaturalist ina sehemu ya kubainisha kwamba mmea umepandwa, na rekodi ya namna hiyo haipandi daraja la utafiti, ila wageni wengi husahau kuijaza, na matokeo yake ni ramani zenye nukta zinazodai ua la chungu ni mmea wa pori. Jambo jingine halionekani kirahisi: mapendekezo huweza kuchujwa yabaki majina yanayotarajiwa eneo lako tu. Kwa kawaida kichujio hicho kinasaidia. Kwa mtoro mpya kinadhuru, maana yeye ndiye asiyetarajiwa. Kizime, uangalie tena.

Bila maua. Jani lenye umbo la pekee linaweza kutosha. Mche wenye majani mawili matatu, sahau.

Muda na vifaa. Sekunde chache, na simu uliyonayo tayari.

Inamfaa nani. Anayeanza, anayetaka mahali pa kuanzia, na anayekutana na mimea mingi kwa siku moja. Haimfai kabisa anayetafuta ruhusa ya kula kitu. Conium maculatum, mmea wenye sumu inayoua, una maua meupe yaliyojipanga kama mwavuli sawasawa na ndugu zake wengi wanaoliwa.

Kitabu chenye ufunguo

Ufunguo wa utambuzi ni mnyororo wa maswali ya hili au lile. Majani yanakabiliana kwenye shina? Nenda namba 2. Yanapishana? Nenda namba 5. Unashuka hivyo hatua kwa hatua mpaka ufike kwenye jina. Mfaransa Lamarck aliutumia mtindo huu katika kitabu chake cha mimea ya Ufaransa cha mwaka 1778, robo karne baada ya Mswidi Linnaeus kuweka majina ya maneno mawili tunayoyatumia hadi leo.

Usahihi. Ufunguo hukulazimisha kuangalia, na ukikosea, kosa lako lina namba. Nieleze nilivyolijua hilo.

Niliwahi kuwaambia watu kwamba mti fulani ni mwarobaini. Nilikuwa nimeokota chini kitu nilichokiona ni jani zima: ufito mmoja, vijani vidogo vimejipanga huku na huku, kingo zake zina meno. Mwarobaini mtupu. Ufunguo ukaniuliza: jani limegawanyika mara moja, au mara mbili na zaidi? Nikajibu mara moja, nikaendelea, nikafika kwenye mwarobaini kama nilivyotaka. Ulipochanua, maua yalikuwa ya zambarau hafifu yenye mrija mweusimweusi katikati. Ya mwarobaini ni meupe. Nikarudi kwenye kitabu hatua moja moja, na nilipolifikia lile swali la jani nikajicheka.

Kile nilichookota hakikuwa jani. Kilikuwa kipande cha jani. Mti ule ulikuwa Melia azedarach, ndugu wa mwarobaini, ambao jani lake hugawanyika kisha migawanyiko yake hugawanyika tena, na kila tawi la jani hilo kubwa likidondoka peke yake linafanana sana na jani zima la mwarobaini. Namna ya kujua jani linaanzia wapi ni kutafuta kichipukizi. Fuata ufito kuelekea kwenye tawi. Pale jani halisi linapojishika na tawi, kwapani pake, utaona kidoto cha chipukizi. Kwapa la vile vijani vidogo halina kitu. Angalizo hilo la sekunde kumi lingeniokoa na aibu ya miezi, na si aibu tu, kwa sababu matunda ya Melia ni sumu kwa binadamu. Simu isingenionyesha nilipoteleza. Kitabu kilinionyesha, ingawa kwa kuchelewa.

Mwenyeji au mtoro. Vitabu vizuri vya mimea ya eneo huandika asili ya kila spishi, na vingi huingiza iliyolowea. Lakini kitabu huganda siku kinapochapwa. Mmea uliotoroka baadaye haumo, na ufunguo hauna mlango ulioandikwa "sijui": utakushusha mpaka kwenye jina la mmea mwingine uliomo, kwa ujasiri uleule. Ndiyo maana ukishafika kwenye jina ni lazima usome maelezo yote ya spishi hiyo. Pakiwa na mambo mawili yasiyokubaliana na mmea ulio mkononi, jina hilo liache.

Maua ya bustani yana hila nyingine. Wakuzaji wa maua hupenda yenye tabaka nyingi za petali, na mara nyingi petali hizo za ziada ni stameni, yaani sehemu za kiume za ua, zilizobadilika. Ufunguo unakuuliza stameni ziko ngapi, nawe ukifunua ua hukuti hata moja. Hilo lenyewe ni jibu la namna yake. Ua la hivyo kwa kawaida limetoka bustanini.

Bila maua. Funguo nyingi zimejengwa juu ya ua na tunda. Bila hivyo utaishia kwenye familia, ukibahatika kwenye jenasi.

Muda na vifaa. Lenzi ya mkononi inayokuza mara kumi, rula ya milimita, na wembe. Mara za mwanzo mmea mmoja hula nusu saa, nyingi ikiishia kwenye maana za maneno.

Inamfaa nani. Anayekusudia kuijua mimea, si mmea huu mmoja tu. Mwenye haraka atakichukia.

Mtu anayeijua mimea

Mkulima wa miaka mingi, mtunza bustani, mwalimu wa botania, mzee aliyezaliwa hapohapo. Si wote wanajua mambo yaleyale.

Usahihi. Unamtegemea mtu, na unalitegemea jina. Majina ya kienyeji hayakutungwa kwa ajili ya spishi. Mnavu, kwa mfano, ni jina linalobeba spishi kadhaa za Solanum zinazofanana, na mmea mmoja huweza kuwa na jina hili huku na lile kule. Kwa hiyo usiishie kwenye "unaitwaje". Uliza: unautofautishaje na ule unaofanana nao? Anayejua kweli atakuonyesha kitu. Nilimuuliza mama mmoja mtunza bustani habari ya kimmea kinachotambaa, shina jekundujekundu, vijani vidogo vya duara. Mimi nilishakata shauri ni Portulaca oleracea. Hakunijibu. Aliinama, akavunja shina, akalishika juu. Utomvu mweupe kama maziwa ukajaa pale lilipovunjika. Portulaca hutoa maji tu. Yenye maziwa ni jamii ya Euphorbia, na maziwa hayo huwasha ngozi na ni hatari yakiingia machoni. Hakuna picha ambayo ingevunja shina lile kwa niaba yangu.

Mwenyeji au mtoro. Hapa mtu huwashinda wote, akiwa wa eneo hilo. Anakumbuka nyumba iliyokuwa na ua huo wa kwanza, na mwaka ulipoonekana ng'ambo ya barabara. Habari hizo hazimo kwenye jani.

Bila maua. Anayepalilia anaujua mche ukiwa na majani mawili tu, kwa sababu huo ndio ukubwa anaoung'olea. Ananusa, anapapasa, anaangalia rangi ya mzizi.

Muda na vifaa. Matembezi ya jioni, pengine na subira ya kumpata. Ugumu ni kwamba wapo wanaoona haya kusema hawajui. Mimi humjaribu mtu kwa mmea ninaoufahamu vizuri kabla ya ule ninaoutafuta. Si adabu sana, lakini inasaidia.

Inamfaa nani. Mwenye kuishi karibu na mtu wa namna hiyo, na mwenye swali la historia kuliko swali la spishi.

Sampuli kavu

Mtaliano Luca Ghini ndiye anayetajwa kwa kawaida kuwa mwanzilishi wa mtindo wa kukausha mimea na kuibandika kwenye karatasi, katika karne ya 16. Leo hifadhi za sampuli kavu, zinazoitwa hebaria, zimezidi 3,000 duniani, na karatasi zake zinahesabiwa kwa mamia ya mamilioni.

Unakata tawi lenye majani, ua, na tunda likiwepo. Mmea mdogo unauchimba na mizizi yake. Unaulaza katikati ya magazeti, jani moja ukiligeuza ili upande wa chini uonekane, unaukandamiza kwa kitu kizito, na unabadilisha magazeti kila siku mpaka ukauke. Halafu lebo. Sampuli isiyo na lebo ni majani makavu tu. Andika tarehe, mahali hasa, aina ya udongo na mazingira, urefu wa mmea, harufu, na rangi ya ua, kwa maana rangi itapotea.

Usahihi. Hakuna njia inayoipita, kwa kuwa mmea wako unawekwa kando ya mingine iliyokwisha kuthibitishwa, na mtu aliyebobea katika familia hiyo anaweza kuutazama. Jina likibadilishwa miaka ishirini baadaye, sampuli bado ipo, itatazamwa upya.

Mwenyeji au mtoro. Sampuli zenye tarehe ndizo ushahidi wa lini mmea ulianza kuonekana nje ya bustani. Lakini ushahidi huo unauandika wewe. "Haukupandwa, mita 40 kutoka bustani ya karibu, miche mingi ya umri tofauti" ni sentensi fupi inayombadilishia mtafiti kazi yake yote.

Bila maua. Huenda wakakurudishia na kukuomba usubiri uchanue.

Muda na vifaa. Kukausha ni siku kadhaa hadi wiki mbili. Jibu ni wiki au miezi. Uliza kwanza kama hebaria inapokea sampuli za watu wa nje, na kama unaruhusiwa kukata mmea mahali ulipo. Penye hifadhi au mmea adimu, ishia kwenye picha.

Inamfaa nani. Anayeshuku amepata kitu kipya, na anayehitaji jina ambalo mtu mwingine ataweza kulihakiki.

Kabla ya kuchagua, zunguka kidogo

Lolote utakalochagua, swali la pili linahitaji miguu yako. Je, ipo miche midogo, ya kati na mimea mikubwa, au ni mmoja tu mzee? Umri mchanganyiko ni dalili ya kuzaana. Mimea imejipanga kwa mstari? Mkono wa mtu ulipita hapo. Kuna rundo la takataka za bustani karibu? Baadhi ya Kalanchoe hutoa vimche vidogo kwenye kingo za majani, na kila kimoja kikidondoka huota, kwa hiyo ndoo moja iliyomwagwa ukingoni mwa pori inaweza kuonekana kama msitu wa asili. Angalia pia kama inatoa mbegu au inasambaa kwa vipande na machipukizi tu.

Kulingana na hali yako

Una hamu tu ya kujua jina la ua la njiani: simu inatosha. Soma orodha nzima ya majina, usichukue la juu ukaondoka.

Umehamia nyumba yenye bustani iliyoachwa: anza na majirani, halafu simu. Kitabu cha porini kitakuchosha bure, kwa kuwa nusu ya unayoyaona yaliletwa na mtu.

Unafundisha watoto au unajifunza mwenyewe: kitabu na lenzi, mimea michache kwa wiki, ikiwa imechanua. Simu itumieni mwisho, kulinganisha.

Una mifugo au watoto wadogo na mmea unakutia wasiwasi: usitegemee njia moja. Pata jina kutoka njia mbili zisizotegemeana, na mpaka zikubaliane uuchukulie kuwa una sumu. Nerium oleander na mbarika, ambao mbegu zake zina sumu kali, yote miwili hupandwa kama pambo.

Unataka kung'oa vamizi kwenye eneo kubwa: mtu wa hapo akuonyeshe mche mchanga, na kitabu kikuthibitishie kwamba hauna mwenyeji anayefanana nao. Kosa hapa hulipwa na mmea usio na hatia.

Na ukikuta mmea ambao simu inautajia majina matano, kitabu hakiufikii, na mjuzi anatikisa kichwa akisema huu hajawahi kuuona hapa, usiung'oe kwanza. Uhesabu, upige picha ukiwa umesimama mahali pake, kata tawi lenye ua, ulilaze kwenye gazeti, na uandike lebo siku hiyohiyo kabla hujasahau ua lilikuwa na rangi gani.